Neno "Lord" na Neno "Bwana"

Mwalimu yeyote aliyepata kuwapa wanafunzi wake ukurasa wa Kiingereza waufasiri kwa Kiswahili ameliona jambo hili. Neno lord likiwamo mara tatu, wao huandika bwana mara tatu, kisha huweka kalamu chini wakidhani kazi imekwisha. Kumbe mara ya kwanza lilikuwa cheo cha mtu mkubwa wa Uingereza. Mara ya pili lilikuwa kipande cha neno lenye maana ya mwenye nyumba apokeaye kodi. Na mara ya tatu alitajwa Mungu. Mwalimu husahihisha, nao humwuliza: "Kama si bwana, ni nini?" Swali hilo ni jepesi, lakini jibu lake ni refu, kwa maana neno lord limepita katika lugha nyingi kabla ya kutufikia, na neno bwana nalo lina historia yake.

Katika kurasa hizi twataka kuzieleza habari za maneno hayo mawili na jinsi yalivyokutana. Hatuandiki ili kuwalaumu wafasiri wa kwanza. Tutaona kwamba walichagua vema kuliko wengi wanavyofikiri. Twaandika kwa sababu neno bwana lilikaa miaka mingi katika nyumba zenye watumwa, na lilikuwa lingali humo lilipoingizwa kanisani. Mtu alifundishaye bila kuyajua hayo aweza kufundisha jambo asilolikusudia.

I. Maana zake katika Kiingereza cha leo

Maana ya kwanza ni cheo. Waingereza wana watu waitwao kwa jina hilo, wengine kwa kurithi, wengine kwa kupewa, nao wana Baraza lao katika Bunge la London. Sheria ya mwaka wa 1999 iliwaondoa wengi wa wale waliokuwa wakiketi humo kwa haki ya kurithi. Cheo hiki hakina mwenziwe katika Kiswahili, na yafaa kiandikwe lordi. Mtu asomaye "Bwana Delamere" katika habari za Kenya atadhani ni mlowezi kama walowezi wengine, wala hatajua kwamba alikuwa na cheo kwao.

Maana ya pili ni mwenye mali. Neno landlord ni mwenye nyumba au mwenye shamba, na hapo bwana halifai kabisa. Maana ya tatu ni heshima ya mahakamani, ambako jaji huitwa "lordi wangu". Kiswahili chatosheka na Mheshimiwa. Maana ya nne ni mtawala aliye juu ya wengine kwa nguvu zake, na katika maana hiyo Waingereza wamepata kitendo cha kujifanya bwana juu ya wenzi, jambo ambalo Mtume Petro aliwakataza wazee wa kanisa katika waraka wake wa kwanza. Maana ya tano ni Mungu, tena Kristo: ndiyo maana ya Siku ya Bwana, na Chakula cha Bwana, na Sala ya Bwana.

Hivyo neno moja la Kiingereza lataka maneno matano ya Kiswahili. Na kinyume chake ni kweli vilevile. Mke akisema "bwana wangu" amemtaja mumewe. Barua ikianza "Bwana Juma" ni adabu tu. Bwana arusi ni bwana wa siku chache. Bwana shamba ni mtumishi wa serikali afundishaye ukulima, naye huenda hana shamba hata moja. Bwana Heri wa Saadani, aliyepigana na Wajerumani tangu 1888 hata 1890, alikuwa na neno hilo katika jina lake kwa heshima ya watu wa pwani yake. Wataalamu wengi husema neno lenyewe limetoka katika Kiarabu abuna, maana yake baba yetu. Basi maneno haya mawili hayalingani kama sahani na kifuniko chake. Yamekutana mahali pamoja tu, nasi hatuna budi kutazama yalifikaje hapo.

II. Mlinzi wa mkate

Katika Kiingereza cha kale neno hili liliandikwa hlaford, na asili yake ni maneno mawili yaliyoungana: hlaf, yaani mkate, na weard, yaani mlinzi. Lord ni mlinzi wa mkate. Mke wake aliitwa hlæfdige, mkanda unga, nalo ndilo neno lady la leo. Na watu wa nyumba yake waliitwaje? Katika sheria za Mfalme Æthelberht wa Kent, za mwanzo wa karne ya 7, mtu wa chini aliye katika nyumba ya mkulima huitwa hlafæta, yaani mla mkate. Aliyemwua alitozwa shilingi 6 za kumlipa mkulima yule. Twaiona nyumba nzima: mmoja alinda mkate, mmoja akanda, na wengine wala. Mswahili hahitaji maelezo marefu, kwa kuwa ajua tofauti ya alishaye na alishwaye, na ajua kwamba alishwaye hana sauti kubwa barazani.

Æthelberht huyo ndiye aliyempokea Augustino na watawa wenziwe waliotumwa kutoka Rumi mwaka wa 597. Wageni hao walikuja na neno la Kilatini dominus, na Waingereza wakapaswa kulitafutia neno la kwao. Walikuwa na mawili. La kwanza ni hlaford, mwenye nyumba. La pili ni dryhten, mkuu wa kikosi cha vita, aliyewagawia watu wake ngawira na kuwakirimu katika ukumbi wake. Kwa miaka mia kadha wa kadha Mungu aliitwa zaidi dryhten, na mkubwa wa duniani akaitwa hlaford. Hata vikosi vile vya vita vilipotoweka, neno dryhten likafifia na mwishowe likafa, na neno la mwenye nyumba likapanda mahali pake.

Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila mwenye kudhani kwamba Waingereza walikuwa na neno takatifu tangu mwanzo, na kwamba sisi tulikuwa na neno la mtaani tu. Wao nao walianza na neno la vita, wakaliacha, wakachukua neno la jikoni na ghalani.

III. Waebrania, Wayunani na Warumi

Tukirudi nyuma zaidi twaona habari ileile. Katika maandiko ya Kiebrania Mungu ana Jina la herufi 4. Wayahudi, kwa kicho, waliacha kulitamka, wakasoma badala yake Adonai, yaani Bwana wangu. Adon alikuwa mkubwa wa nyumba na mwenye watumwa. Kulikuwa na neno jingine, baal, ambalo lilikuwa na maana ya mwenye mali, tena ya mume, tena lilikuwa jina la mungu wa Wakanaani. Nabii Hosea aliiona hatari yake: katika sura ya pili ya kitabu chake, Mungu aagua siku ambayo watu wake watamwita kwa neno jingine la mume, wala hawatamwita tena kwa neno baal. Basi shida ya neno moja kumbeba mume, na mwenye mali, na Mungu, haikuanzia pwani ya Afrika. Ilikuwako katika Israeli karne ya 8 kabla ya Kristo.

Wayahudi wa Aleksandria walipoanza kuyafasiri maandiko yao kwa Kiyunani, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, neno lililokuja kusomwa mahali pa Jina ni kyrios. Kyrios kwa Wayunani alikuwa mtu mwenye mamlaka ya sheria: juu ya shamba, juu ya mtumwa, juu ya mwanamke aliye chini ya ulinzi wake. Tena lilikuwa neno la adabu tu, la kumwitia mgeni njiani. Mpaka leo Wayunani humwita kila mwanamume kyrios, kama sisi tusemavyo Bwana Fulani.

Warumi walisema dominus, kutoka domus, nyumba. Hilo lilikuwa neno la mtumwa kwa aliyemnunua, na kwa sababu hiyo Kaisari Augustus alikataa kuitwa hivyo na watu huru wa Rumi. Lakini Domitianus, aliyetawala tangu 81 hata 96, alipenda aitwe bwana na mungu. Katikati ya karne ya 2 Polikarpo, askofu mzee wa Smirna, aliambiwa akiri kwamba Kaisari ni bwana apate kuokoka, alikataa, akauawa. Kwa watu wa kanisa la kwanza neno hili halikuwa sifa tupu. Kumwita Kristo Bwana kulikuwa kumnyima mwingine jina hilo, na gharama yake ilijulikana.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka wa 1611 iliandika LORD kwa herufi kubwa zote mahali penye lile Jina la herufi 4, na Lord kwa herufi moja kubwa mahali pengine. Wafasiri wa Marekani wa mwaka wa 1901 waliiacha njia hiyo wakaandika Jehovah. Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version, iliyotoka mwaka wa 1952, imeifuata ile ya kale kwa kuandika BWANA. Jicho laona tofauti, lakini sikio halioni. Mwanzoni mwa Zaburi ya 110 BWANA na Bwana wamo katika mstari mmoja, na asikiaye kutoka benchi ya nyuma hana njia ya kuwapambanua. Msomaji wa ibada asipoelezwa habari hii, hawezi kuwaeleza wengine.

IV. Maneno yaliyokuwako pwani

Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka uleule akaanza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa mji ule. Hakuikuta lugha maskini. Yalikuwako maneno mengi ambayo mfasiri wa lord angaliweza kuyachukua.

Lilikuwako Mola, kutoka Kiarabu mawla. Ajabu ya neno hili ni kwamba katika Kiarabu huweza kuwa bwana, tena huweza kuwa mtumwa aliyeachwa huru. Lakini katika Kiswahili limepanda mbinguni, halishuki tena. Lilikuwako Rabi, lililozoeleka katika tenzi na dua. Lilikuwako Maulana, ambalo Sultani aliitwa kwalo, na Seyyid, cheo cha watawala wa ukoo wa Al Busaid. Na katika maneno ya Kibantu hasa lilikuwako mwenye, ambalo limezaa Mwenyezi, yaani mwenye enzi, na mwinyi, cheo cha waungwana wa miji ya pwani; mkuu wa wenyeji wa Unguja, aliyekaa Dunga, aliitwa Mwinyi Mkuu.

Lugha nyingine za Afrika zilifasiriwa kwa maneno ya namna hii. Waganda husema Mukama, nalo ni jina la mfalme wa Bunyoro. Wakikuyu husema Mwathani, maana yake atawalaye. Wazulu na Waxhosa husema Nkosi, mkuu wa watu. Hao walichukua neno la kiti cha enzi. Kiswahili kilichukua neno la nyumbani.

Kwa nini bwana? Tuyapime maneno yale mengine. Mola na Rabi ni ya Mungu peke yake. Hayawezi kuwekwa katika kinywa cha mwanamke wa Samaria aongeapo kisimani na msafiri asiyemjua. Maulana na Seyyid yana harufu ya jumba la Sultani. Mwinyi ni neno la ukoo na mji. Bwana peke yake laweza kuanza njiani na kuishia mbinguni, kama kyrios la Kiyunani lilivyoweza.

Mfano wake bora umo katika sura ya 20 ya Injili ya Yohana. Mariamu Magdalene, akilia penye kaburi, amwona mtu, adhani ni mtunza bustani, naye amwita kyrie. Baadaye kidogo aenda kuwaambia wanafunzi kwamba amemwona kyrios. Kiyunani kina neno moja. Biblia ya Kiingereza haikuweza kulihifadhi: mara ya kwanza iliandika sir, mara ya pili Lord, na msomaji Mwingereza hasikii kwamba neno la adabu limegeuka kuwa neno la imani. Msomaji wa Kiswahili hulisikia, kwa maana mara zote mbili asoma Bwana. Vivyo hivyo kwa yule mwanamke wa Samaria katika sura ya 4, na kwa kipofu aliyeponywa katika sura ya 9, ambapo wafasiri Waingereza hawapatani: Biblia ya 1611 ina Lord, ile ya Marekani ya mwaka wa 1946 ina sir. Mfasiri wa Kiswahili hakulazimika kuamua. Krapf na Rebmann walikuwa Wajerumani wa Württemberg, na katika lugha yao neno Herr hufanya kazi zote mbili, kwa jirani na kwa Mungu. Njia hii haikuwa ngeni kwao.

Hata hivyo neno la nyumbani huja pamoja na mambo ya nyumbani, mema na mabaya.

V. Bwana na mtumwa

Askofu Steere alifika Unguja mwaka wa 1864 pamoja na Askofu Tozer, naye alitoa kitabu chake cha lugha ya Kiswahili mwaka wa 1870. Wengi wa wanafunzi wa Kiungani katika siku zile walikuwa watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Walifundishwa kazi ya kupiga chapa, na vidole vyao ndivyo vilivyopanga herufi za vitabu vya kwanza vya misheni ile. Tufikiri jambo hilo. Kijana ambaye jana alikuwa na bwana wa kumwuza, leo apanga herufi B, W, A, N, A, aambiwa hilo ni jina la Mwokozi wake.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka ule jiwe la msingi la kanisa kuu likawekwa mahali pale. Lakini kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Amri iliyoondoa hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba ilitoka tarehe 6 Aprili 1897, nayo haikuwahusu masuria hata mwaka wa 1909. Pwani ya Kenya ilingoja mpaka 1907, na Tanganyika mpaka 1922. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilikuwa imekwisha kutoka mwaka wa 1891, na ile ya Kimvita ilitoka mwaka wa 1914. Basi wasomaji wa kwanza wa vitabu hivyo waliishi katika nchi ambamo bwana alikuwa mtu mwenye mtu, na maana hiyo haikuwa historia kwao.

Hata maneno yaliyozunguka neno hilo yalikuwa ya soko na shamba. Kukomboa, ambalo twalitumia kwa kazi ya Kristo, lilikuwa kazi ya kutoa fedha mkononi ili mtumwa atoke. Mwanzoni mwa mwaka wa 1889 watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia Rabai na vituo vingine vya misheni karibu na Mombasa walipewa hati za uhuru, baada ya mabwana zao kulipwa fidia. Mhubiri aliyewaambia watu hao habari za Mkombozi hakuhitaji kuwachorea picha. Walizijua hata bei.

Na mtumwa mwenyewe? Neno hili latoka katika kutuma. Mtumwa ni mtu anayetumwa. Lakini mtume naye latoka mumo humo. Paulo, mwanzoni mwa waraka wake kwa Warumi, ajiita kwa maneno mawili mfululizo, na katika Kiswahili maneno hayo, mtumwa na mtume, ni ndugu wa tumbo moja. Kiyunani hakina udugu huo. Kiingereza nacho kililainisha neno la kwanza, kikaandika servant, mtumishi, mahali pengi ambapo Kiyunani kina mtumwa kweli. Kiswahili hakikulainisha. Msomaji wa Unguja alipambana na neno lenyewe.

Jambo hilo lilikuwa na makali mawili. Katika waraka kwa Waefeso, sura ya 6, na waraka kwa Wakolosai, sura ya 4, Mtume awaonya watumwa na mabwana. Kiyunani chatumia neno moja kwa wale mabwana na kwa Bwana wao aliye mbinguni. Msomaji wa Kiingereza aonapo master hapa na Lord pale, haoni kwamba mwenye watumwa amevuliwa jina lake akapewa Mwingine. Kwa Kiswahili laonekana wazi: hao ni mabwana, nao wana Bwana. Hata mzee asiyejua kusoma aliweza kulisikia. Lakini mtumwa aliyesikia maneno yaleyale aliweza kufahamu jambo jingine, kwamba Mungu yuko upande wa yule aliyemnunua, kwa kuwa wana jina moja. Maneno yote mawili yamo katika sauti ileile. Ni lipi lililofahamiwa, hilo lilikuwa juu ya mwalimu, si juu ya mfasiri.

Isidhaniwe kwamba neno lililozaliwa katika utumwa haliwezi kutakaswa. Tunao ushahidi kila asubuhi. Shikamoo, kama wazee walivyotufundisha, ni kifupi cha kusema "nashika miguu yako," na ilikuwa salamu ya mtumwa kwa bwana wake. Leo mtoto wa waziri humwamkia hivyo mzee mchunga mbuzi, na mzee huitikia marahaba, wala hakuna afikiriye miguu ya mtu. Utumwa umetoka katika salamu ile, heshima ikabaki. Lakini tukumbuke kwamba haikutakasika yenyewe. Ilitakasika kwa sababu watu waliacha kuwadai watumwa, wakaanza kuwapa wazee wote.

VI. Mambo yaliyofuata

Utumwa ulipoondolewa, neno bwana halikupumzika. Chini ya serikali za Wajerumani na Waingereza likawa neno la kumwitia Mzungu. Alikuwako bwana mkubwa ofisini na bwana shauri barazani. Mmisionari naye aliitwa bwana, na Jumapili alihubiri kwamba Bwana ni mmoja. Wasikiao walikuwa na haki ya kujiuliza kama maneno hayo yana ukoo.

Twaona dalili kwamba watu wengi walilichoka neno hilo katika mambo ya serikali. Katika Tanzania, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967, neno ndugu lilitiliwa nguvu badala yake katika chama na ofisini. Tena wimbo wa Enoch Sontonga wa mwaka wa 1897, uitwao "Nkosi Sikelel' iAfrika," ulipopata maneno ya Kiswahili, Nkosi halikuwa Bwana, likawa Mungu, nao ndio wimbo wa taifa wa "Mungu ibariki Afrika." Hatusemi kwamba waliouandika walikwepa neno fulani. Twasema tu kwamba neno Mungu halikuwa limewahi kuitwa na karani mlangoni pa ofisi ya mkubwa, na umati uliokusanyika mwaka wa 1961 uliliimba bila kivuli.

Kanisani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Katika uamsho ulioanza Rwanda na Uganda miaka ya 1930, kisha ukaenea Kenya na Tanganyika, watu walizoea kuamkiana kwa kumsifu Bwana. Tuitazame salamu hiyo kando ya shikamoo ya zamani. Katika ile ya zamani mmoja alikuwa bwana na mmoja mtumwa. Katika hii mpya wote wawili wamtaja Bwana, wala hakuna kati yao aliye bwana, awe askofu au mfagia ua. Neno ni lilelile. Waliohama ni watu walio chini yake. Twadhani hapo neno bwana limefika karibu zaidi na maana aliyoifia Polikarpo.

VII. Mashauri machache

Kutokana na hayo twapenda kuwashauri walimu wenzetu mambo matatu.

Kwanza, mwanafunzi afundishwe kuuliza, "Huyu ni lord wa nini?" kabla hajaandika neno. Wa cheo aandikwe lordi. Wa nyumba, mwenye nyumba. Wa mahakama, Mheshimiwa. Wa nguvu, mtawala. Bwana libaki kwa mahali pake. Vilevile afasiripo kwenda Kiingereza asiandike lord kila aonapo bwana, asije akamfanya bwana shamba kuwa mjumbe wa Baraza la London.

Pili, asomaye maandiko mbele ya watu afahamishwe habari ya BWANA na Bwana, na inapofaa aieleze kwa maneno machache kabla ya kusoma. Dakika moja yatosha.

Tatu, na hili ndilo kubwa, historia ya watumwa isifichwe darasani. Wako walimu waionao kuwa aibu, wakasema bwana maana yake mwenye upendo, basi. Sivyo. Bwana alikuwa mwenye mtu, na ni mpaka mwanafunzi ajue hivyo ndipo aweza kufahamu kwa nini Paulo alijiita mtumwa, na kwa nini wale waliokombolewa Rabai walilisikia neno Mkombozi kuliko sisi. Ajue pia kwamba jina hilo likisha kupewa Mmoja, halibaki la kumpa mwingine: wala tajiri, wala mtawala, wala mchungaji apendaye kushikwa miguu. Mwalimu asemaye "Bwana" juu ya mimbari, kisha akawa bwana kwa mpishi wake na kwa watoto wa shule, amelirudisha neno kule lilikotoka, na hakuna tafsiri itakayomponya.

Waingereza wamesahau siku nyingi kwamba lord ni mlinzi wa mkate. Mtu wao wa kawaida akiulizwa hawezi kuijua asili hiyo pasipo kamusi. Sisi hatujasahau bado maana ya bwana na mtumwa. Maneno yenyewe yangali wazi, na makaburi ya Mbweni na Freretown yangalipo. Yafaa tuyatumie maadamu twayakumbuka.